Likizo na Saa za Ziada: Pengo Katika Mikataba ya Hali Bora ya Kazi za Msimu

Msimu wa kahawa unapofika Mbinga, kazi nyingi ya mwaka hujazana katika miezi michache. Kahawa huiva huko karibu kwa wakati mmoja, na kuanzia mashambani hadi kwenye ukoboaji na upakiaji kwenye barabara ya Kigonsera, siku ya kazi hurefuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaitambua hali ya namna hii. Kwa kawaida inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lakini kifungu cha 22 kinaruhusu mkataba wa hali bora, kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, upime saa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, mradi wastani huo usipite saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Kifungu hicho hakisemi wiki za likizo zihesabiweje. Ninashikilia kwamba saa za likizo yenye malipo zihesabiwe kama saa za kazi, la sivyo haki ya likizo itakuwa inaila haki ya malipo ya ziada.

Tuchukue mkataba unaopima wastani kwa wiki nane, yaani saa 320 za kawaida. Wafanyakazi wawili wanafanya saa 50 kwa wiki katika wiki nne za mwanzo. Mmoja anaendelea kwa saa 40 kila wiki, anafikisha saa 360 na kulipwa saa 40 za ziada. Mwenzake anakwenda likizo ya siku 28 anayopewa na kifungu cha 31. Likizo ikihesabiwa sifuri, anabaki na saa 200, na zile saa 40 alizozitolea jasho sawasawa na mwenzake zinafutika. Likizo ikihesabiwa saa 160, wote wawili wanalingana. Uzito wa jambo hili unaongezeka tukikumbuka kwamba kifungu hichohicho kinampa mwajiri mamlaka ya kupanga lini likizo ichukuliwe: anaweza kuipanga mara tu baada ya wiki ngumu, na deni likayeyuka bila yeye kuvunja neno lolote la mkataba.

Wapo watakaosema malipo ya ziada ni fidia ya uchovu, na aliyepumzika hana uchovu wa kufidiwa. Hoja hii ina nguvu yake, na mahakama za kazi za Ujerumani ziliikubali kwanza katika shauri la mfanyakazi wa wakala wa ajira. Mwezi Agosti 2017 alifanya saa 121.75 kisha akaenda likizo ya siku 10; mkataba wao wa pamoja ulitaka saa 184 kwa mwezi huo kabla ya nyongeza ya asilimia 25. Tarehe 13 Januari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sharti la kuziacha nje saa za likizo linamvunja moyo mfanyakazi asiichukue likizo yake. Hukumu hiyo haitufungi, ila mantiki yake inatuhusu: uchovu wa wiki nne za mwanzo ulikwisha kutokea, na pumziko la baadaye haliulipii.

Pingamizi la pili, kwamba chama na mwajiri wako huru kukubaliana watakavyo, ni dhaifu zaidi. Kifungu cha 22 kinawapa uhuru wa kupanga saa, si wa kupunguza likizo kwa mlango wa nyuma. Wala gharama si mpya, kwa kuwa saa hizo zilikwisha kufanywa na kahawa ikapakiwa.

Likizo ya ugonjwa inahitaji uangalifu zaidi. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, na mwajiri anaweza kudai kwamba saa nazo zigawanywe nusu. Hilo halikubaliki, kwa sababu kinachopimwa katika wastani ni muda, si mshahara. Chama kinachoketi kujadili mkataba wa msimu ujao kidai iandikwe humo kwamba kila siku ya likizo yenye malipo, kamili au nusu, itahesabiwa kwa saa zote ambazo mfanyakazi angezifanya kwa ratiba ya kawaida.