Onyesha Barabara, Mfiche Binti

Miaka kumi na kitu iliyopita, mtalii aliyekuwa London angeweza kufungua ramani ya intaneti na kuiona Hifadhi ya Serengeti bila shida: mageti, mito, hadi viwanja vidogo vya ndege. Lakini ukivuka mpaka wa hifadhi kuelekea Mugumu, au ukapanda kaskazini kuelekea Tarime, ramani ilianza kuwa nyeupe. Vijiji vilivyojaa watu havikuwa na jina wala njia. Nyumbu walikuwa na ramani, watu hawana.

Weupe ule ulikuwa na gharama. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (SOSPA) ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo msimu uliendelea kurudi, hasa mwezi Desemba shule zikifungwa, na kwa koo nyingi za Wakurya katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu, ikisimamiwa na Rhobi Samwelly, ambaye baadaye alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania. Wasichana walikimbilia pale. Tatizo lilikuwa wale wasioweza kukimbia. Simu inalia usiku, mtu anataja kitongoji, gari la polisi linatoka. Linaelekea wapi?

Hapo ndipo historia ya mtandao katika wilaya hizi inapoanza kuwa ya kwake yenyewe. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map, ukitumia OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuikanyaga Mara, walikaa kwenye kompyuta zao nyumbani wakichora barabara na nyumba kwa kufuatisha picha za satelaiti. Wenyeji, simu mkononi, wakaongeza kile ambacho satelaiti haikioni: majina. Hii ni shule, hii ni zahanati, hapa panaitwa hivi. Ramani ikapakuliwa kwenye simu, ikafanya kazi hata pasipo na mtandao, na gari la usiku likapata pa kwenda.

Kisha vijijini wakafundishwa watu wa kuripoti hatari kwa simu, wakitumia Open Data Kit, programu inayokuwezesha kujaza fomu pasipo na mtandao na kuituma baadaye ukiupata. Mpaka hapo ni habari njema tupu. Ila fomu kama hiyo ina maswali. Anaitwa nani? Ana miaka mingapi? Anaishi wapi? Ukishaijaza, una kitu ambacho ramani haina: binti mwenyewe. Na kitu hicho lazima kikae mahali, na mahali penyewe, bwana, ni kwenye kompyuta ya mtu.

Kompyuta ina historia ya ajabu kidogo nchini kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza, baada ya mradi wa Wizara ya Fedha kwenda mrama, na marufuku ile ilichukua miaka mingi kulegea. Zilipokuja kufika miji ya wilaya, wengi wetu tulikutana nazo kwenye kaunta ya steshenari. Tulizoea mashine ya watu wote: unachomeka flashi, unachapisha barua, unaondoka, na faili linabaki pale. Siku hizi unafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani ili utoe nakala ya kitambulisho, unalipa, unaondoka, na mazungumzo yako yanabaki wazi kwa mteja anayefuata.

Flashi nazo zina hadithi yao. Kirusi cha Conficker kiliibuka Novemba 2008 na kushika mamilioni ya kompyuta duniani, kwa kupitia mitandao na pia kwa flashi zinazohama mashine hadi mashine. Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho ya kuziba tundu lile tangu Oktoba, mwezi mmoja kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameyaweka. Kwa hiyo ile apdeti unayoiahirisha kila siku kwa kuogopa kumaliza bando, ndiyo mlango wenyewe.

Lakini ushauri mwingi wa usalama wa mtandao umeandikwa kana kwamba mwizi yuko mbali: kijana fulani wa Ulaya Mashariki asiyekujua. Kwa binti wa Tarime, mtu wa hatari anamjua vizuri. Ni mjomba. Ni shangazi anayeishi nyumba moja naye, anayeazima simu ileile, anayejua mchoro wa kufungulia kwa sababu ameuona kila jioni. Kikulacho ki nguoni mwako. Hahitaji kirusi. Anahitaji ujumbe mmoja uliobaki bila kufutwa, au picha ya binti akitabasamu mbele ya nyumba salama, iliyowekwa Facebook na mfadhili mwenye nia njema.

Sheria zimejaribu kufuata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilifanya kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ni vizuri, lakini sheria haifungi kompyuta. Anayeifunga ni mwenye nayo: nywila yake peke yake, akaunti tofauti kwa watoto wanaocheza gemu, diski iliyofungwa kwa msimbo ili laptop ikiibwa mwizi apate chuma tu, nakala ya akiba isiyokaa chumba kimoja na mashine, na eneo lililozimwa kwenye kamera, maana picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa.

Kuna atakayesema: basi na ramani nayo ifichwe, kwa kuwa hata anayemtafuta binti anaweza kuifungua. Sikubaliani. Mjomba hakuhitaji ramani kamwe. Kijiji ni chake. Aliyekosa ramani ni askari na muuguzi. Wakurya wenyewe walishatenganisha mambo haya zamani sana: kuna iritongo, mkutano wa hadhara ambapo kila mtu anasikia, na kuna inchama, baraza la siri la wazee. Siri hiyohiyo imetumika pia kupanga msimu wa kukeketa, na hilo tusilipake rangi. Lakini akili ya kujua lipi la uwanjani na lipi la ndani ipo tayari, haihitaji kuagizwa kutoka nje. Barabara, shule na zahanati ni mambo ya uwanjani. Jina la binti ni la ndani.

Kwa hiyo wewe unayetunza orodha ya namna hiyo, iwe ni mwalimu, katibu wa kanisa, au mwandishi wa habari mwenye mahojiano kwenye laptop, usisubiri Desemba. Leo fungua mashine yako uangalie nani mwingine anaijua nywila, ni majina gani hayana tena sababu ya kuwemo, na ni simu ipi ya nani uliwahi kuitumia ujumbe ambao bado upo.