Shimo la Dhahabu la Rosterman

Msomaji, ikiwa unakaa Makongeni, Kaloleni au Shauri Moyo, bila shaka umewaona watu wakielekea kituo cha mabasi cha Machakos jioni na mizigo yao, waende Kakamega. Siku utakapopanda basi hilo nawe, usiishie nyumbani kwa nyanya yako tu. Mwombe mwenyeji akupeleke Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ukaone machimbo ya zamani.

Usitazamie fahari. Usiingie shimoni hata ukishawishiwa, kwa maana miti izuiayo paa la mgodi huoza, na hewa ya chini yaweza kuua. Simama kando, ukumbuke kwamba chini yako watu walitoboa njia gizani wakifuata mshipa mwembamba wa jiwe jeupe ndani ya mwamba. Jiwe lilipandishwa juu, likapondwa kwa mitambo, likatiwa dawa ili dhahabu ijitenge. Tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu.

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931 na mlowezi aliyeitwa L. A. Johnson. Miaka ile ilikuwa mibaya kwa walowezi: bei za mazao zilikuwa zimeanguka ulimwenguni, nzige walikuwa wamekula mashamba, na Uingereza ilipoacha kufunga sarafu yake na dhahabu, Septemba 1931, bei ya dhahabu ilipanda. Basi Wazungu wakamiminika Kakamega na mahema na makarai, wakachekecha mchanga wa mito, wakachimba mitaro katika mashamba ya watu. Kisha zikaja kampuni zenye fedha za kuchimba chini sana. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952.

Lakini hapo ukingoni nakuomba uifikiri habari ya sheria, ambayo kwangu ni nzito kuliko dhahabu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi iliyotengwa itakuwa ya wenyeji milele; sehemu ikitwaliwa kwa kazi ya umma, watapewa nyingine ya ukubwa ule ule, na baraza lao litashauriwa kwanza. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa kwa haraka. Sasa ardhi iliweza kutwaliwa kwa ajili ya madini, mwenyewe akalipwa fedha, pasipo kupewa shamba jingine wala baraza kuulizwa. Milele ile haikutimiza miaka mitatu!

Hata Uingereza kwenyewe wakubwa walikasirika. Lord Lugard alikuwa mmoja wao. Serikali ilijitetea kwamba uchimbaji ni wa muda tu, na ardhi ingerudishwa. Wapo waandikao kana kwamba ugomvi wote ulikuwa juu ya uchache wa fidia. Mimi sikubali. Mtu ambaye wazazi wake wamezikwa kando ya nyumba hawezi kupimiwa shamba lake kwa shilingi, ziwe chache au nyingi.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa hapa Eastlands, aliniuliza dhahabu iliyo chini ya shamba la babu yake ni ya nani. Nilimfungulia Katiba ya 2010, kifungu cha 62, isemayo kwamba madini yote ni ardhi ya umma; kisha Sheria ya Madini ya 2016, inayotenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali pale. Akaniuliza tena kama babu anaweza kukataa. Swali hilo lilinichukua kipindi kizima, na kengele ikalia kabla sijamaliza.

Huko Isulu na Bushiangala, katika Kakamega hiyo hiyo, dhahabu imetafutwa tena miaka hii ya 2020, na habari ya kuhamishwa watu imezusha ubishi mkubwa. Ukitoka Rosterman, pita huko, uwaamkie wazee, uwasikilize. Wapo wanaotaka kuuza, na wapo wasiotaka.