Matuta ya Mlalo

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo huko Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Watu waliamriwa kupiga matuta mashambani. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Wazee wetu walipiga kwa uchungu. Wengi waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa ingechukuliwa na wazungu, na kazi yenyewe iliwaelemea zaidi akina mama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 amri iliachwa, na matuta yakaachwa pamoja nayo.

Hatuwalaumu. Ila masika hayakungoja siasa zitulie; udongo uliendelea kuteremka mtoni.

Mwaka 1981 ukaanza mradi wa SECAP hapa Lushoto. Safari hii wakulima walishauriwa kupanda mabingobingo na majani ya Guatemala kukingama mteremko: yanashika udongo, tena ng'ombe wanakula. Wengi walipanda bila askari kusimama nyuma yao. Wengine wetu tulisema, "Tutapanda msimu ujao." Misimu ikapita, nasi tukizoea kusema hivyo.

Mtume Paulo anakitaja kiasi, yaani kujitawala, kati ya matunda ya Roho. Faini haikuweza kukiotesha. Lakini uhuru uliotuwezesha kuyaacha matuta ulituwezesha pia kuyapiga kwa hiari, na hilo ndilo tuliloahirisha, huku Jumapili tukiomba Mungu atulindie mashamba.

Vuli imekaribia. Vipando vipo kwa jirani, ukimwomba atakukatia.