Prakriti, Yoga na Miti ya Garhwal: Historia ya Dhana Moja katika Ufeministi wa Kiikolojia

Utangulizi

Wako waandishi, hasa wa Magharibi, wanaoichukulia yoga kuwa ndugu wa damu wa ufeministi wa kiikolojia, nadharia iliyopewa jina na Françoise d'Eaubonne nchini Ufaransa mwaka 1974. Hoja yao huenda hivi: yoga humrudisha binadamu kwenye mwili wake; mwili ni sehemu ya maumbile; mwanamke na maumbile wamedhulumiwa na mfumo ule ule; kwa hiyo anayefanya yoga anawatetea wote wawili. Hoja hii inavutia, lakini historia haiikubali kirahisi. Makala haya yanafuatilia safari ya neno moja la Kisanskriti, prakriti, kutoka falsafa ya kale ya Bara Hindi hadi nadharia ya karne ya 20, ili kubainisha mahali ambapo fikra hizo mbili hukutana na mahali ambapo huachana.

Purusha na Prakriti

Yoga ya kale, kama ilivyofumbatwa katika Yoga Sutra inayonasibishwa na Patanjali, inajengwa juu ya falsafa ya Samkhya. Falsafa hiyo hugawa vyote vilivyoko katika asili mbili. Ya kwanza ni purusha, nafsi inayoshuhudia bila kutenda. Ya pili ni prakriti, yaani maumbile: ndiyo itendayo, izaayo na kubadilika, na ndani yake mna mwili, hisia na hata akili. Kisarufi, purusha ni nomino ya kiume na huweza kumaanisha mwanamume. Prakriti ni nomino ya kike. Katika Samkhya Karika ya Ishvarakrishna, prakriti inalinganishwa na mchezaji ngoma anayejionyesha mbele ya hadhira, kisha akaacha kucheza.

Lengo la mwana-yoga katika mfumo huu ni kaivalya, hali ya purusha kubaki peke yake baada ya kutambua kwamba haikuwa kamwe sehemu ya prakriti. Basi anayedai kwamba yoga ya Patanjali humwunganisha mtu na maumbile anakwenda kinyume cha matini yenyewe: mwisho wa safari hiyo ni talaka, wala si ndoa. Ni kweli kwamba mikondo ya Tantra iliyofuata ilimtukuza Shakti, nguvu ya kike inayouendesha ulimwengu. Ni kweli pia kwamba miiko ya Patanjali huanza na ahimsa, kutodhuru, na huishia kwa aparigraha, kutolimbikiza mali. Miiko hiyo yaweza kuwa msingi wa maadili ya mazingira, ingawa haikutungwa kwa ajili ya misitu wala wanawake.

Miti ya Reni

Aliyeipa prakriti maana mpya ni Vandana Shiva, katika kitabu chake Staying Alive cha mwaka 1988. Kwake yeye, prakriti na Shakti ni kanuni ya kike ya uhai, ambayo sayansi na maendeleo ya Kimagharibi yameiua. Mfano wake mkuu ni Chipko, vuguvugu la watu wa Garhwal katika milima ya Himalaya.

Chipko lilianza mwaka 1973 katika kijiji cha Mandal. Idara ya misitu ilikuwa imewanyima wanakijiji miti ya kutengenezea nira za kulimia, kisha ikaiuzia miti hiyo kampuni ya vifaa vya michezo. Tarehe 26 Machi 1974 ikawa zamu ya Reni. Wanaume walikuwa wameitwa mjini kufuata fidia ya ardhi iliyotwaliwa na jeshi, na wakataji wakaja kwa miti ipatayo 2,500. Gaura Devi, mjane na kiongozi wa chama cha wanawake kijijini, akatoka na wenzake 27 kuwazuia, na wakataji wakarudi. Mwaka 1980 serikali ikapiga marufuku ukataji wa kibiashara wa miti mibichi katika eneo hilo la Himalaya kwa miaka 15.

Pingamizi

Je, wanawake wa Reni walitetea prakriti? Ramachandra Guha, katika utafiti wake wa mwaka 1989, anaiweka Chipko katika historia ndefu ya wakulima, wake kwa waume, waliopigania misitu yao tangu enzi ya Waingereza. Bina Agarwal naye, mwaka 1992, alieleza kwamba uhusiano wa mwanamke na msitu hutokana na kazi: ndiye achanjaye kuni, atekaye maji na atafutaye malisho. Msitu ukitoweka, mzigo wake ndio unaozidi. Mwaka 1994 Agarwal aliandika kitabu kizima kuhusu haki za wanawake kumiliki ardhi Kusini mwa Asia. Hapa ndipo penye uzito wa mjadala, kwani sitiari inayomtukuza mwanamke kuwa maumbile haimpi hati ya shamba. Yaweza hata kumnyima, kwa sababu maumbile humilikiwa, hayamiliki.

Msomaji wa Kiswahili amekaa mahali pazuri pa kuliona tatizo hili. Katika Kisanskriti, sarufi yenyewe huitia prakriti katika jinsia ya kike, na ni rahisi sarufi hiyo kuchukuliwa kuwa ndiyo hali halisi ya vitu. Kiswahili hakigawi nomino kwa uke na uume; maumbile yamo katika ngeli moja na mawe na majani. Anayetaka kuyafanya kuwa mwanamke hana budi kukiri kwamba anatumia sitiari, na sitiari iliyokiriwa yaweza kuhojiwa.

Hitimisho

Maji ya Reni huteremka hadi Alaknanda, kisha Ganga, na kupita Rishikesh, mji ambao Sivananda alianzishia shirika lake mwaka 1936 na ambako wageni humiminika kujifunza yoga. Mnamo 7 Februari 2021 mafuriko yaliikumba Reni na kubomoa mtambo wa umeme uliojengwa hapo mtoni. Kama yoga na ufeministi wa kiikolojia vina uhusiano, basi uko katika mto huo na katika miiko ya kutodhuru na kutolimbikiza. Mwana-yoga wa Rishikesh anayeishika miiko hiyo kwa dhati atalazimika kuuliza ni nani aishiye juu ya mto, na ana haki gani juu ya miti yake.