K.K. Mwenyekiti wa Kijiji

Vijijini Tanzania, barua ya kuomba kitu serikalini haiendi moja kwa moja. Lazima ipite. Chini ya anwani ya anayeandikiwa huwekwa herufi mbili, K.K., yaani kupitia kwa, kisha wakubwa wanapangwa kwa ngazi: Mwenyekiti wa Kitongoji, Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mtendaji wa Kata. Ndipo inakuja YAH, yaani yahusu, na shida yenyewe. Anayetaka kujifunza istilahi za uongozi wa kijijini aanze na barua hiyo, kamusi ataifungua baadaye.

Mwenyekiti ni neno la kuchekesha kidogo kisarufi. Katika wingi linageuka mahali pawili, mwanzoni na katikati: wenyeviti. Anayesema "wenyekiti" husahihishwa papo hapo, ingawa kimantiki watu watano wangeweza kabisa kupokezana kiti kimoja. Pwani kiti ni alama ya zamani ya utawala, ndiyo maana tunasema kiti cha enzi. Kwa waganga wa pepo kiti ni jambo lingine: ni mtu ambaye pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake. Baadhi ya wenyeviti niliowasikiliza mikutanoni wangefaa kwa maana zote mbili.

Pembeni yake yuko mtendaji. Kwenye karatasi ni Afisa Mtendaji wa Kijiji, lakini hilo "afisa" limeshadondoka vinywani mwa watu. Tofauti ya wawili hawa imo ndani ya majina yao: mmoja ana kiti, mwingine ana kazi. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji kila baada ya miaka mitano. Mtendaji huajiriwa, hulipwa mshahara, huweza kuhamishwa, na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Wa kwanza unamfuata nyumbani jioni, unamwamkia, mnaulizana habari za watoto na mvua, ndipo unasema lililokuleta. Wa pili unamkuta ofisini, ukimkosa unaambiwa ameitwa wilayani. Wakielewana, kijiji kinakwenda. Wakigombana, mkutano mkuu wa kijiji hauitishwi na mapato na matumizi hayasomwi, na watu huanza kusema "mtendaji wao" badala ya "mtendaji wetu".

Zamani nafasi ya mkuu wa kijiji ilikuwa ya jumbe. Katika pwani ya Mrima, kabla ya Wajerumani, majumbe na madiwani walikuwa wakuu wa miji wenye heshima zao na alama zao za ukubwa. Wajerumani hawakuyatupa majina. Waliyachukua wakayapanga upya kama vyeo vya serikali: liwali kwenye miji ya pwani, akida juu ya kundi la vijiji, jumbe chini kabisa. Liwali na akida yote yametoka kwa Waarabu, na akida kwa asili ni cheo cha vita, mkuu wa askari. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani waliopelekwa bara, kwa watu wasiowajua na wasiotaka kuwajua, wakusanye kodi na kusimamia kazi za lazima. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ililea makarani, walimu na maakida pamoja. Kwa hiyo mkuu wa kijiji na mkuu wa shule, ambao leo tunawaona kama watu wa idara mbili, waliwahi kukaa dawati moja.

Kilichoyaharibu majina hayo ni pamba. Serikali iliamuru mashamba ya pamba yalimwe kwa nguvu chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, na Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo na Vita vya Maji Maji vikaanza. Cheo kilichobeba kiboko hakikuweza tena kusafishwa. Waingereza walipokuja na utawala wao wa kupitia wenyeji, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kufika mwaka 1925, waliwaweka kando maakida wakatafuta watawala wa asili. Hapo ndipo neno chifu lilipowafunika wote kwa blanketi moja: mtemi wa Wasukuma na Wanyamwezi, mangi wa Wachaga, mtwa wa Wahehe, zumbe wa Wasambaa. Hawa hawakuwa kitu kimoja, wala mamlaka yao hayakutoka chemchemi moja. Neno jipya liliwasaidia makarani zaidi kuliko raia.

Mwaka 1963 sheria ilifuta uchifu Tanganyika. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki, na katika majina yote ambayo angeweza kuitwa, lililomganda ni la kazi aliyoifanya Pugu: Mwalimu. Lakini uchifu haukufa kabisa. Septemba 2021, mkoani Mwanza, machifu walimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Cheo kilichofutwa kwa sheria kilirudi kama heshima, bila kodi wala mahakama, na nadhani hivyo ndivyo kinavyopendeza zaidi. Kenya chifu hakuondoka hata siku moja. Yuko ofisini, ana sare na naibu wake, na anaajiriwa na serikali. Zanzibar neno ni sheha, na eneo lake ni shehia. Anayehamia Unguja kutoka bara akiulizia mwenyekiti wa mtaa, atajulikana mara moja kuwa mgeni.

Diwani naye ana safari yake. Kutoka mtawala wa mji wa pwani amekuwa mwakilishi wa kata, anayeomba kura kwa kipaza sauti. Upande wa pili neno hilohilo ni mkusanyo wa mashairi, na hakuna anayechanganya, kwa sababu diwani ya mashairi haikuahidi barabara.

Lililoporomoka kuliko yote ni nyapara. Unyamwezini wanyampala walikuwa wazee na wasaidizi wa mtemi, watu wa baraza. Misafara ya pembe iliposhika kasi karne ya 19, jina likawa la mkuu wa wapagazi. Baadaye likaingia mashamba ya mkonge, nyapara akawa msimamizi anayehesabu kazi ya siku. Leo utalisikia gerezani, kwa mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Ni watu walewale wa kusimamia wengine, ila kila karne imewashusha ngazi moja.

Shuleni mambo ni matulivu, ila kuna uzio mmoja ambao wageni huuruka bila kuuona. Tanzania Bara, shule ya msingi inaongozwa na mwalimu mkuu, na sekondari inaongozwa na mkuu wa shule. Ukimwita wa sekondari mwalimu mkuu, ataitikia, lakini atajua umemshusha. Kenya hakuna uzio huo: shule ya msingi au ya upili, barua huandikwa kwa Mwalimu Mkuu. Mashariki ya Kongo wamefuata Kifaransa, sekondari ina prefe. Mimi nawaunga mkono Wakenya. Mkuu wa shule anaweza kuwa mtu wa majengo, michango na vikao vya bodi. Mwalimu mkuu bado anadaiwa kushika chaki. Wanafunzi wenyewe hawana habari na mjadala huu, wao husema hedimasta, au "mkuu" tu, kwa sauti ya chini, anapokatiza uwanjani na vijana wanachomekea mashati haraka haraka.

Chini yake wapo kaka mkuu na dada mkuu, vyeo vilivyoazimwa sebuleni, na viranja: wa chakula, wa usafi, wa zamu. Kiranja ni neno la jandoni. Kiranja alikuwa kijana anayetangulia kutahiriwa, wenzake wakimtazama waone kama atalia. Shule ikalichukua, na sasa limefika hata Bungeni, ambako vyombo vya habari vya Kenya humtaja kiranja wa wengi, mwenye kazi ya kuhakikisha wabunge wa upande wake wamo ukumbini wakati wa kupiga kura. Wanaogombea nafasi hiyo wangefaa kukumbushwa kwamba sharti lake la kwanza lilikuwa kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa macho.