Kiingereza kutoka siku ya kwanza? Hebu turudi nyuma kidogo

UZI. Mjadala wa elimu ukiwaka hapa nchini, lazima mmoja aseme watoto wafundishwe kwa Kiingereza kutoka chekechea, dunia haingoji mtu. Mwingine anajibu turudi lugha ya mama. Basi watu wanagawana kambi, na kufikia saa nne usiku ni matusi tu.

Mimi nimeufuata huu ubishi kwa muda, na naona pande zote mbili zinaruka swali moja. Mtoto huchukua miaka mingapi kujua Kiingereza cha kutosha kusomea sayansi na hesabu? Serikali za huku, ya mkoloni na zilizofuata, zimelijibu hilo swali mara nyingi, na karibu kila mara jibu lilitoka kwa siasa ya wakati huo.

Kwanza tumuangalie mtoto mwenyewe. Mwaka 1983 Stephen Krashen na Tracy Terrell walieleza hatua ambazo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atazitambua. Mtoto akiingizwa kwenye lugha ngeni, ananyamaza. Si mjinga, anasikiliza. Anajua "simama" na "leta kitabu" kwa kuangalia mikono ya mwalimu. Hiyo inaweza kuchukua miezi. Halafu anatoa neno moja, mawili. Halafu sentensi fupi zilizovunjika vunjika, na hapo ndipo watu wazima humcheka. Baadaye sana ndio anaanza kueleza jambo na kulitetea.

Jim Cummins, huko Kanada, alikuwa ameshaongeza kitu muhimu. Kiingereza cha kupiga gumzo na wenzako uwanjani, mtoto anaweza kukipata kwa miaka 2 hivi. Kile cha kusomea, cha kuelewa swali la hesabu lenye mistari minne, ni miaka 5 hadi 7. Na kumbuka hao ni watoto wa wahamiaji wanaokutana na Kiingereza dukani, barabarani na kwenye televisheni. Mtoto wa Lodwar ama Kinango anakisikia kwa mwalimu, kengele ikilia kimeisha.

Shikeni hizo nambari, sasa twende kwa historia.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki. Ilipendekeza lugha za wenyeji kwa madarasa ya chini, Kiingereza kije juu. Kwa masikio ya leo ni ushauri mzuri. Lakini fikiria ulivyosikika wakati ule, kwenye koloni ambako walowezi hawakuwa na haja na Mwafrika anayejua Kiingereza, atasoma sheria za ardhi na kuandika barua London. Shule huru za Wakikuyu zilipoanzishwa, mojawapo ya madai yao ilikuwa watoto wapewe Kiingereza mapema. Kwa hivyo mzazi wa leo akikataa lugha ya mama, msimwite mshamba. Amerithi shaka yenye sababu. Ushauri sahihi ulikuja mikononi mwa watu wasioaminika, na sidhani umewahi kupona.

Hali ya hatari ikatangazwa 1952, zile shule huru zikafungwa. Mwaka 1957 hapa Nairobi likaanza jaribio kwenye shule za Waasia: Kiingereza kutoka darasa la kwanza. Likafanya vizuri. Mbona lisifanye? Walimu walipewa mafunzo maalum, vitabu na picha vilikuwepo, na darasani kulikuwa na watoto wa Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine ambao hawakuwa na lugha moja ya shule. Miaka ya mwanzo ya 1960 mpango ukakimbizwa hadi shule za Waafrika, ila safari hii bila ule msaada wote. Kilichosafiri hasa ni jina.

Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki: Kiingereza kitumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Nchi changa, makabila mengi, nawaelewa. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ikageuza tena: lugha ya eneo la shule hadi darasa la tatu, Kiingereza kishike usukani darasa la nne. Mfumo wa 8-4-4 ukaja, ukaenda. CBC ikaja. Ule mpaka wa darasa la nne bado uko pale pale kwenye karatasi.

Sasa pigeni hesabu. Mtoto anafika gredi ya 4 akiwa na miaka mitatu ya Kiingereza kama somo, kipindi kimoja kwa siku. Kwa vipimo vya Cummins, akiwa na bahati yuko kwenye gumzo. Halafu Januari moja, masomo karibu yote yanageuka kwa mpigo.

Hiyo ni karatasi. Chini huku ni vingine. KCPE, kuanzia 1985 hadi ya mwisho 2023, ilikuwa ya Kiingereza ukitoa karatasi ya Kiswahili. Mzazi anaangalia mtihani, haangalii sera. Ndio maana shule nyingi zinaanza Kiingereza chekechea, na kule mashinani mwalimu anachanganya lugha kimya kimya ili kipindi kisonge.

Na kulikuwa na diski. Waliosoma zamani wanajua. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu za aina hii katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind. Shule niliyosoma ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa, unatafuta mwenzako wa kumpokeza, jioni majina yote yanachapwa. Watu husema iliwanyoosha. Nilichoona mimi ni watoto waliojua sentensi tatu wakiacha kuzisema. Mtoto alishatoka hatua ya kunyamaza, sisi tukamrudisha kwa kiboko.

Hilo halikuishia shuleni. Mgombea akishrabu neno moja kwa jukwaa, video inazunguka wiki nzima na hakuna anayekumbuka alisema nini kuhusu maji. Mwaka 1974 Bunge lilianza kujadiliana kwa Kiswahili, lakini miswada ikabaki kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inasema zote mbili ni lugha rasmi. Bado tunapima akili ya mtu kwa matamshi.

Kuna kilichosaidia, tusiwe watu wa kulia tu. Uwezo walipoanza kupima watoto nyumbani mwaka 2009, ikaonekana wazi kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwaka 2015 Tusome ikapeleka vitabu na miongozo ya walimu nchi nzima, kwa Kiingereza na Kiswahili, na kusoma kukapanda. Haikuwa uchawi, ni kitabu mkononi na mtu wa kumfuatilia mwalimu.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu na "Kiingereza kwanza" ama "lugha ya mama kwanza", msipige makofi bado. Muulizeni vitabu vya lugha ya eneo vya gredi ya 1 hadi 3 viko wapi. Muulizeni mwalimu aliyetumwa kaunti asiyojua lugha yake atafundisha kwa nini. Na yule wa gredi ya 4 ambaye bado yuko kwenye neno moja, mawili, bajeti yake ni ngapi?

Kama kuna mwalimu wa gredi ya 4 hapa, tuambie kwenye majibu: Januari ukipokea darasa jipya, unaanza na lugha gani, na mkaguzi akiingia unabadilisha?