Boma, Kambi na Posho: Historia ya Tofauti za Kipato Mbarara na Nakivale

Katika vipindi vya insha, methali isemayo "Ajizi nyumba ya njaa" haikosi kutolewa kila muhula. Mwanafunzi huandika kwamba mtu fulani alikuwa mvivu, akakosa chakula, kisha akajuta. Mwalimu huweka alama na somo hupita. Methali yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba tunaifundisha kana kwamba inatosha kueleza kwa nini mtaa mmoja una nyumba za matofali na bustani, na mtaa wa pili watu wanapanga chumba kimoja familia nzima. Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa historia ya mahali pawili vya kusini magharibi mwa Uganda: jiji la Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko katika wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara. Tutaongozwa na maneno matatu ya Kiswahili ambayo kila msomaji wa jarida hili anayafahamu: boma, kambi na posho.

Boma

Waingereza walifanya Mbarara kuwa makao ya utawala wao katika Ankole mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1901 wakatia saini mkataba na watawala wa Ankole. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ofisi za serikali na nyumba za maofisa zilijengwa mahali pa juu penye hewa nzuri, na mahali hapo pakaitwa Boma. Katika Mbarara jina hilo limebaki hadi leo upande wa Kamukuzi.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, W. J. Simpson, alitembelea makoloni ya Afrika Mashariki, na katika taarifa yake alipendekeza miji igawanywe kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi wafanyabiashara mahali pao, na Waafrika mahali pao. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Matokeo yake yalikuwa ya kiuchumi. Mtaa wa Wazungu ulipata viwanja vipana, maji na barabara. Barabara kuu ya maduka ilikuwa ya Wahindi. Mwafrika aliyekuja mjini kufagia ofisi au kubeba mizigo alitafuta mahali pa kulala pasipopimwa na serikali, na kiwanja kisichopimwa hakikupelekewa maji wala taa.

Baada ya uhuru wa 1962 wakazi walibadilika, lakini viwanja havikubadilika. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka na nyumba zao zilikwenda kwa wale waliokuwa karibu na serikali ya siku hizo. Mwaka 1979, katika vita vya Uganda na Tanzania, majengo mengi ya Mbarara yalibomolewa. Mji ukajengwa upya, ukakua, na tarehe 1 Julai 2020 ukapewa hadhi ya jiji. Hata hivyo, mtu akitoka Boma akateremka hadi Kisenyi au Kijungu, bado atauona mpaka wa kale: huku viwanja vyenye hati, kule vyumba vya kupanga vilivyobanana. Mtoto aliyezaliwa Kisenyi hakuwa mvivu siku aliyozaliwa.

Kambi

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakazi wake wa kwanza walikuwa hasa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Serikali haikulipa mahali hapo jina la kambi bali makazi, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Kambini mtu hungojea chakula. Katika makazi hupewa kipande cha ardhi alime. Watu lakini waliendelea kusema kambi, na mpaka sasa mojawapo ya sehemu tatu kuu za Nakivale inaitwa Base Camp. Nyingine ni Juru na Rubondo.

Oktoba 1982 ilionyesha jinsi neno hilo linavyoweza kumfuata mtu nyumbani kwake. Katika Ankole, viongozi wa chama tawala cha UPC na vijana wao waliwafukuza watu walioitwa Wanyarwanda, na wengi wa hao walikuwa wameishi Uganda miaka mingi. Wengine walikuwa raia. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaporwa. Maelfu walikimbilia Rwanda, na maelfu wengine wakaingia Nakivale na Oruchinga. Mfugaji aliyekuwa na mifugo na boma lake aliamka siku moja ni mtu wa kambi. Ajizi haikuhusika hapo.

Baada ya 1994 Watutsi wengi walirudi Rwanda, na Nakivale ikapokea watu wapya: Wahutu wa Rwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Vita vya Kivu na machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 viliongeza idadi. Kufikia 2023 walikuwamo watu zaidi ya 150,000. Ardhi haikuongezeka. Waliotangulia walipata mashamba mapana. Waliochelewa walipata vipande vidogo, na baadhi yao mbali na soko na barabara. Hivyo tarehe ya kuwasili iligeuka kuwa daraja la kipato.

Tofauti nyingine ilitokana na kazi. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanalima mahindi na maharage. Wasomali wengi hawalimi. Wanafanya biashara ya maduka karibu na Base Camp, wengine kwa mtaji unaotumwa na jamaa walio ng'ambo. Haitoshi kusema kwamba hawa ni wajanja na wale si wajanja. Mkulima asiye na ghala huuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa wachuuzi wanaokuja na malori. Miezi michache baadaye hununua unga kwa bei ya juu. Mwenye jamaa ng'ambo au duka lenye bidhaa anaweza kungoja. Asiye na akiba hawezi.

Hapa ndipo Boma na kambi vinapokutana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa wakimbizi wa Uganda haki ya kufanya kazi na uhuru wa kwenda watakako, mambo ambayo nchi nyingi haziwapi. Lakini shamba la Nakivale ni la kutumia tu. Mkimbizi hawezi kuliuza wala kuliweka rehani benki. Mwenye kiwanja Boma akitaka mkopo wa kufungua biashara, hupeleka hati yake. Mkulima wa Rubondo aliyelima miaka 20 hana cha kupeleka. Jasho linaweza kuwa sawa, na bado mmoja akabaki na mali na mwingine akabaki na jembe.

Posho

Neno la tatu limesafiri kuliko yote mawili. Asili ya posho ni chakula anachopimiwa mtu, kama vile wapagazi wa misafara na vibarua wa mashamba. Tanzania neno hilo limepanda cheo: posho ni fedha anayolipwa mjumbe kwa kuhudhuria kikao. Uganda limekaa jikoni: posho ni ugali wa mahindi, chakula cha shule, cha jeshi na cha gereza. Kwa mkimbizi wa Nakivale maana mbili zimekutana tena, kwani unga huo ni chakula na ni mgao.

Mgao wenyewe umekuwa ukipungua. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na mwaka 2021 kwa asilimia 40, kwa kukosa fedha. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi matatu kulingana na uhitaji. Kundi la tatu, lililohesabiwa kuwa linaweza kujitegemea, liliondolewa katika mgao. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliachishwa msaada huo.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalijua neno kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika Azimio hilo, kujitegemea kulikuwa na masharti: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nakivale neno limebaki lakini sharti la ardhi limepungua kila mwaka. Kumwambia mtu ajitegemee juu ya kipande ambacho si chake, na ambacho hakimtoshi, ni kulitumia neno nusu.

Hitimisho

Historia hii haisemi kwamba bidii haina faida. Nakivale ina mafundi cherehani, wasusi, waoka mikate na wenye bodaboda ambao wamejijenga wenyewe, na Waganda wa vijiji vya jirani, ambao wengi wao nao ni maskini, hununua na kuuza katika masoko yake. Kiswahili kinawasaidia sana, kwa sababu Mkongo, Mrundi na Mganda hupatana bei kwa lugha hiyo. Tunachosema ni kwamba bidii huanzia mahali fulani, na mahali hapo palichorwa na watu wengine: mpima viwanja wa kikoloni, wanasiasa wa 1982, na karani anayeandika kaya katika kundi la kwanza au la tatu.

Tunapendekeza basi kwa walimu wenzetu zoezi dogo. Kabla ya kutoa insha juu ya "Ajizi nyumba ya njaa", wanafunzi wakusanye majina ya mitaa ya mji wao, waulize wazee nani aliishi wapi mwanzoni, na maji yalifika mtaa upi kwanza. Kisha waandike. Huenda methali itabaki na nguvu zake, lakini mwanafunzi atajua ni njaa ipi inayotokana na ajizi na ni ipi isiyotokana nayo.